Mkorea anasoma Kilatini na Kiarabu, sie je? Somo kutoka bandari ya kale ya Huangpu

Wafanyabiashara wetu wa Muscat, Dubai na Doha wanaokwenda Guangzhou kununua mali wanaijua njia yao kwa moyo: uwanja wa ndege, hoteli za Xiaobei, masoko ya jumla, maonyesho ya Canton pale Pazhou, kisha kontena na safari ya kurudi. Wachache mno hufika upande wa mashariki wa jiji, wilaya ya Huangpu, kwa sababu huko hakuna duka la simu wala la vitambaa linalowaita. Lakini treni ya chini ya ardhi namba 13 inafika, na kituo kimoja kinaitwa Nanhaishenmiao, yaani Hekalu la Mungu wa Bahari ya Kusini.

Hekalu hilo lilijengwa mwaka 594. Hebu tupige hesabu: ni miaka kumi na kitu kabla Mtume wetu (s.a.w.) hajapewa utume. Mahali hapo palikuwa bandari ya nje ya Guangzhou, ikiitwa Fuxu. Vyombo vilivyokuwa vikielekea kusini vilitia nanga hapo, mabaharia wakaomba salama, na vilivyorudi navyo vikasimama hapo kushukuru. Sie ni watu wa tauhidi, ibada yao si yetu. Lakini lile jambo la mtu kuiogopa bahari na kuomba arudi kwake salama, hilo watu wa pwani tunalijua.

Ndani ya hekalu ipo sanamu ya mgeni. Uso wake si wa Kichina, ingawa amevishwa joho na kofia ya afisa wa Kichina, na mkono ameuweka juu ya macho kama mtu anayezuia jua, anatazama baharini. Wenyeji wanasimulia kwamba alikuwa mjumbe kutoka nchi ya mbali, alikuja na mbegu za fenesi, akawa anazipanda hekaluni, na chombo chake kikang'oa nanga bila yeye. Akabaki anatazama maji mpaka akafa. Ndiyo maana hekalu lenyewe watu huliita Boluo, na jina hilo hulihusisha na mafenesi yale. Kama hadithi ni ya kweli au ni ya kutungwa, sanamu ipo, na inatuambia kwamba watu wa Huangpu walizoea kuona wageni wa magharibi wakija na kuachwa.

Naitaja Huangpu leo kwa sababu ya habari ambayo huenda ikaonekana haituhusu hata kidogo: namna wasomi wa Korea wanavyoisoma historia ya Ulaya ya zama za kati. Nawaomba mnivumilie, kwani njia yao inapita Ulaya, inapinda, na mwisho inatokea mlangoni petu.

Mkorea na makasri ya Ulaya

Mtu atauliza, Mkorea ana nini na wafalme wa Ufaransa na mapadri wa karne ya 12? Swali hilo sie tulipaswa kuulizwa zamani. Tuliosomeshwa sekondari za misheni huku Afrika Mashariki tulikaririshwa Charlemagne, vita vya msalaba na mabwana wa Norman, na mtihani ukaisha. Hatukuambiwa kwa nini tunayasoma. Wakorea walijiuliza, na jibu lao limebadilika kila kizazi. Mabadiliko hayo ndiyo yenye faida kwetu.

Korea ilitawaliwa na Japani kuanzia 1910 hadi 1945. Wasomi wa mwanzo wa historia ya magharibi waliisoma kwa lugha ya mtawala, kwa vitabu vya Kijapani. Baada ya uhuru, na baada ya vita vilivyoigawa nchi, swali lao kubwa lilikuwa moja: Ulaya ilitokaje kwenye ukabaila ikawa na viwanda, miji na mabunge? Walisoma habari za mkulima aliyefungwa kwenye shamba la bwana, wakitafuta ufunguo wa maendeleo ya nchi yao wenyewe. Kwa wanafunzi wa miaka ya 1980, walioandamana dhidi ya utawala wa kijeshi mpaka uchaguzi huru ukapatikana 1987, habari za mabwana na watwana wa Ulaya zilikuwa karibu sawa na siasa za siku ile.

Kizazi kilichofuata kikachoka na swali hilo. Kwani kuisoma Ulaya kama kipimo cha kila taifa ni kukubali kwamba wewe umechelewa na yeye ndiye saa. Wakageukia mambo mengine: watu walikula nini, waliogopa nini, mwanamke aliishi vipi, mauti yalitazamwaje. Hapo waliwafuata wanahistoria wa Ufaransa kama Jacques Le Goff na Georges Duby, ambao vitabu vyao vimetafsiriwa kwa Kikorea. Wakaanza pia kwenda wenyewe Paris na Ujerumani, wakajifunza Kilatini, wakaingia kwenye nyaraka kwa macho yao badala ya kungoja mtu mwingine awasomee.

Mfano mmoja ni Park Heung-sik wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul. Kitabu chake kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 2005 hakihusu wafalme. Kinahusu vyama vya wenye maduka madogo na wachuuzi katika miji ya Lüneburg, Goslar na Hildesheim: nani aliruhusiwa kuuza nini, wapi, na chama kilimlindaje. Mkorea anakwenda Ujerumani kuwaeleza Wajerumani habari za machinga wao wa kale! Baadaye akajulikana pia kwa kazi juu ya ile Tauni kubwa ya karne ya 14, somo ambalo tangu korona hakuna anayeliona ni la mbali.

Mwingine ni Nam Jong-kuk wa Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ewha, pia mjini Seoul. Kitabu chake cha Kifaransa cha mwaka 2007 kinahusu biashara ya pamba katika bahari ya Mediterania mwishoni mwa zama za kati. Sasa pamba ile ilitoka wapi? Sham na Misri, ndiko Waveneti walikoinunua. Basi ukiifuata pamba unatoka Ulaya unaingia nchi za Waislamu, utake usitake. Hapo ndipo njia inapoanza kupinda.

Barua ya Papa na uzito wa herufi

Kabla hatujaifuata zaidi, kipo kisa kimoja cha Korea ambacho ningependa kila mwalimu wa historia akisimulie darasani.

Wakorea wana kitabu kinachoitwa Jikji. Kilichapwa mwaka 1377 katika hekalu la Heungdeok mjini Cheongju, kwa herufi za chuma za kupangwa moja moja. Ni kitabu cha zamani kuliko vyote vilivyobaki duniani vilivyochapwa kwa namna hiyo, na kimeitangulia Biblia ya Gutenberg kwa zaidi ya miaka 70. Nakala iliyosalia iko Paris, katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Mwaka 2001 UNESCO ikaiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Fahari kubwa, na ni haki yao.

Mwaka 2017 ikatoka filamu ya Kikorea iliyojaribu kwenda hatua moja mbele: kuonyesha kwamba ujuzi huo ulisafiri kutoka Korea mpaka Ulaya. Katika ushahidi wake ilitaja barua ya Kilatini ya Papa Yohana wa 22 ya mwaka 1333, ikidaiwa kwamba iliandikwa kwa mfalme wa Korea. Watu wakafurahi, magazeti yakaandika. Lakini walioipinga habari hiyo ni wanahistoria wa Korea wenyewe, wale wanaokijua Kilatini. Walilitazama jina la nchi lililoandikwa kwenye barua, wakalitazama na jina la mfalme, wakasema halifai kusomwa kuwa Korea.

Hebu mlipime jambo hilo. Mtu amejifunza lugha ngumu miaka kumi, kisha anaitumia kuwaambia watu wake mwenyewe kwamba habari iliyowapendeza haikusimama. Hakupewa maua. Lakini ndivyo elimu inavyopata heshima, kwani kesho atakaposema jambo la kuisifu Korea, dunia itamwamini.

Sisi nasi tuna zetu. Mjini Guangzhou lipo kaburi ambalo mapokeo ya Waislamu wa huko yanasema ni la Sahaba Saad bin Abi Waqqas, na watu hulizuru kwa mapenzi. Vitabu vya historia ya Kiislamu vinaeleza kwamba Saad alifariki karibu na Madina na akazikwa Baqi. Mapenzi ya watu wale ni ya kweli, na ujio wa mapema wa Waislamu Guangzhou ni wa kweli. Kaburi ni suala jingine. Msomi mzuri anayapa yote matatu mizani yake bila kumtukana mtu.

Mtawa aliyepandia chombo Guangzhou

Sasa turudi kwenye njia iliyopinda. Mtindo mpya wa wasomi wengi wa Korea leo ni kutoitazama tena Ulaya ya zama za kati peke yake, kama kisiwa. Wanaitazama dunia nzima ya wakati ule kama nchi zilizounganishwa na njia za msafara na za bahari. Katika picha hiyo Ulaya ni pembe moja, Korea ni pembe nyingine, na katikati yupo nani? Yupo Mwarabu, yupo Muajemi, yupo Mhindi, na kusini tupo sie wa pwani.

Wakorea wanaye mtu wao wa kuanzia. Anaitwa Hyecho, mtawa wa Kibudha kutoka ufalme wa Silla. Alikuwa kijana tu alipofika Guangzhou kusoma, na karibu mwaka 723 alipanda chombo kutoka huko kwenda India. Hakuishia hapo, alipita nchi nyingi za magharibi na kurudi kwa njia ya nchi kavu, akafika mji wa Kucha mwaka 727. Katika maelezo yake anaeleza kwamba Uajemi umeshamezwa na Waarabu, na kwamba mabaharia wa upande huo huenda Sri Lanka kutafuta vito na huja mpaka Guangzhou kuchukua hariri. Kijana wa Korea, miaka 1,300 iliyopita, alishatuandika.

Maandishi yake yalipotea karne nyingi. Mwaka 1908 Mfaransa Paul Pelliot aliyakuta katika pango la Dunhuang, akayachukua Paris, na yako huko mpaka leo. Mwaka 2010 yalipelekwa Seoul kwa maonyesho, Wakorea wakapanga foleni kuyaona.

Na njia ilikuwa ya pande mbili. Kitabu cha Kiarabu cha mwaka 851, ambacho hunasibishwa na Sulayman mfanyabiashara, kinaieleza Guangzhou kwa jina la Khanfu. Kinasema kwamba mfalme wa China aliwawekea Waislamu wa hapo mtu wa dini yao wa kuhukumu baina yao. Ibn Khurradadhbih, wa karne hiyo hiyo, anaitaja Silla, na anasema Waislamu waliofika huko waliipenda wakakaa. Historia ya ufalme wa Goryeo nayo imeandika kwamba mwaka 1024 walifika Waarabu wapatao mia moja kwa pamoja, wakafuatiwa na wengine 1025 na 1040.

Kisha ipo ramani ya Kikorea ya mwaka 1402 inayoitwa Kangnido. Inaonyesha Afrika ikiwa imechongoka kusini na bahari imeizunguka, karibu miaka 90 kabla Wareno hawajaipita ncha ile na kufika kwetu. Waliochora hawakufika Afrika. Walikopi ramani za Kichina, na Wachina walichukua kwa wanajiografia Waislamu.

Msomi aliyeiunganisha habari hii vizuri ni Mkorea, Bi Hyunhee Park, anayefundisha New York. Kitabu chake cha mwaka 2012 kinaweka maandishi ya Kichina na ya Kiarabu uso kwa uso, karne kwa karne, kuona nani alijua nini kuhusu mwenzake na alijua kwa njia gani. Humo yumo Jia Dan, afisa wa Kichina wa karne ya 8, aliyeandika njia ya bahari kutoka Guangzhou mpaka Ghuba na Baghdad, kituo kwa kituo. Njia hiyo inataja pia pwani ya magharibi zaidi, mahali panapoitwa Sanlan. Wapo wanaosema ni upande wetu wa Afrika Mashariki, wapo wanaobisha.

Profesa Kim Ho-dong wa Seoul naye ametumia umri wake kwa Wamongolia. Alimtafsiri Marco Polo kwa Kikorea, na tangu 2002 akaanza kutoa juzuu za historia kubwa ya Rashid al-Din kutoka Kiajemi. Lee Hee-soo, aliyesomea Istanbul, aliwaletea Wakorea habari za Kushnama, utenzi wa Kiajemi wa karne nyingi zilizopita ambamo mwana wa mfalme anakimbilia nchi iitwayo Basila na kumuoa binti wa mfalme wa huko. Yeye anaona Basila ni Silla. Wengine hawajakubali. Bishara njema ni kwamba wanabishana wakiwa na kitabu mkononi.

Mtu aliyeitwa Muhammad Kansu

Katika wote hao hakuna aliye na maisha kama ya Jeong Su-il. Alizaliwa mwaka 1934 upande wa China, katika jamii ya Wakorea wa Yanbian. Alisoma Kiarabu Peking, akapelekwa Chuo Kikuu cha Cairo, akawa mwanadiplomasia wa China nchini Morocco. Mwaka 1963 akahamia Korea Kaskazini. Mwaka 1984 akaingia Korea Kusini kwa jina la Muhammad Kansu, akijifanya mtu wa Ufilipino mwenye asili ya Lebanon. Akapata shahada ya udaktari, akawa mwalimu wa chuo kikuu anayependwa, bingwa wa mahusiano ya Silla na Waarabu. Mwaka 1996 akakamatwa. Kumbe alikuwa jasusi wa Kaskazini.

Ungedhani habari imekwisha hapo. Lakini gerezani aliendelea na kazi ya kutafsiri. Aliachiwa mwaka 2000, na mwaka 2001 Wakorea wakapata safari ya Ibn Battuta kwa lugha yao, imetolewa moja kwa moja katika Kiarabu. Mwaka 2004 akatoa pia safari ya Hyecho na maelezo yake. Amefariki mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 90.

Ujasusi wake mwenye kuuhukumu ni nchi yake. Mimi natazama kitabu. Ibn Battuta alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa karibu mwaka 1331, akamsifu Sultani wa Kilwa kwa ukarimu. Baadaye huyo huyo akafika Guangzhou. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa Seoul leo anaweza kusoma habari za Kilwa na za Guangzhou katika kitabu kimoja, kwa lugha ya mama yake, na kuzifahamu. Je, wajukuu zetu wa Al Khuwair au Sharjah, ambao Kiarabu wanakiandika na Kiswahili wanakisikia kila siku kwa bibi, wamewahi kufunguliwa ukurasa huo hata mara moja?

Sisi tumo, tena si kidogo

Watu wa Oman wana sababu zaidi ya kuijua Guangzhou. Katika karne ya 11 aliishi hapo tajiri ambaye Wachina walimwandika Xin Yatuoluo, na waandishi wa Kiarabu humwita Sheikh Abdullah. Alitoka nchi iliyoitwa Wuxun, ambayo wataalamu wengi wanaiona kuwa ni Mazun, jina la kale la Oman, na mji wenyewe Sohar. Alikuwa mkuu wa mtaa wa wageni. Alijitolea fedha za kujengea ukuta wa jiji, serikali ikakataa. Mwaka 1072 aliomba ruhusa ya kurudi kwao. Serikali ilimpa cheo cha heshima, na tamko la kumpa cheo hicho liliandikwa na Su Shi, mmoja wa washairi wakubwa kabisa wa China.

Mwaka 1071 kumbukumbu za China zinataja pia wajumbe kutoka nchi inayoitwa Cengtan, wakaja tena 1083. Wako wanaosoma jina hilo kuwa Zanj, yaani pwani yetu, na wako wanaolisoma kuwa nchi ya Masultani wa Seljuk. Mjadala haujafungwa, na mtu wa kuufunga anahitaji Kichina, Kiarabu na ujuzi wa pwani. Watu wa namna hiyo ni wa kuhesabu kwa vidole.

Vyombo vyenyewe tunavijua. Mwaka 1998 kando ya kisiwa cha Belitung, Indonesia, iliibuliwa jahazi ya karne ya 9 iliyoshonwa kwa kamba bila misumari, imejaa vyombo vya udongo vya China karibu elfu 60. Mbao zake zilipopimwa, baadhi zilionekana ni za mti wa Kiafrika, ndugu wa mbambakofi wetu. Nani katika sisi hajui chombo cha kushonwa? Ndio mtepe wa Lamu na Bajuni. Mwaka 1980 jahazi ya namna hiyo iliundwa Sur, ikaitwa Sohar, na Tim Severin akaondoka nayo Oman mwezi Novemba na mabaharia wa Kiomani. Julai 1981 wakaingia Guangzhou kwa mto ule ule unaopita Huangpu. Chombo chenyewe kimewekwa Muscat, karibu na Al Bustan, na familia nyingi hupita hapo na gari kila wiki bila kusimama.

Kidonda ambacho hakifunikwi

Lakini ukitaka kusoma kwa haki kama wale Wakorea walivyoisoma barua ya Papa, lazima usome na kurasa zinazouma. Zhu Yu, Mchina aliyeandika kitabu chake mwaka 1119, anasema matajiri wa Guangzhou walimiliki watumwa weusi kutoka ng'ambo. Anaeleza kwamba walikuwa na nguvu nyingi, hawakuijua lugha ya watu, na walipolishwa chakula kilichopikwa waliugua, wengine wakafa. Wataalamu wanabishana walitoka wapi. Wengi huenda walitoka visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, na baadhi wanadhaniwa walitoka pwani yetu, wamepitia mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu.

Familia za Kiarabu za pwani haziwezi kuisoma habari hiyo kwa jicho moja. Katika jahazi moja alikuwemo babu aliyeuza, na chini ya sitaha huenda alikuwemo babu aliyeuzwa, na mara nyingine wote wawili ni babu zetu. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa katika jarida la Nature mwaka 2023, kwa mifupa ya watu 80 waliozikwa pwani na bara la karibu, umeonyesha kwamba wengi wa watu wa miji ya zamani ya Waswahili walitokana na mama wa Kiafrika na baba wa Kiasia, hasa wa Kiajemi, tangu karibu mwaka 1000, na nasaba ya Uarabuni ikaongezeka baadaye. Wako waliochukia, ati wamevunjiwa shajara ya ukoo. Wako waliofurahi kwa sababu mbaya. Mie naona tumepewa mama zetu, ambao shajara nyingi zilisahau kuwaandika.

Lugha ziko majumbani petu

Huangpu ina kumbukumbu nyingine ya Wakorea. Katika kisiwa cha Changzhou, wilaya hiyo hiyo, kilifunguliwa mwaka 1924 chuo cha kijeshi cha Whampoa. Vijana wa Korea waliopigania uhuru kutoka kwa Japani walikwenda kufunzwa hapo, na aliye maarufu zaidi ni Kim Won-bong. Kisiwani humo yapo pia makaburi ya Waparsi, wafanyabiashara waliotoka Bombay, ndugu wa wale tuliokuwa nao Zanzibar. Kila jamii iliyopita Huangpu imeacha kaburi, jina au sanamu. Tofauti iko kwa nani amerudi kuzisoma.

Wachina wamerudi. Kuanzia 2010 Chuo Kikuu cha Peking pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walichimba Mambrui, karibu na Malindi, wakapata sarafu ya mfalme Yongle. Wakorea wamerudi kwa vitabu. Na Mkorea hakuzaliwa na Kiarabu, alikaa kitako akajifunza. Sie tumezaliwa nacho, na Kiswahili juu yake, na wengi tuna barua za babu zimo ndani ya kasha au mkoba wa plastiki juu ya kabati: hati za shamba, mikataba ya jahazi, barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, shajara za ukoo. Unyevu na mchwa havingoji mtu astaafu.

Kwa hivyo yapo mambo ya kufanya wiki hii, si mwakani. Piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, na uandike jina la aliyekuwa nayo na mji ilikotoka. Mkalishe mzee akusomee kwa sauti huku simu inarekodi, kwani mwandiko wa babu zetu wasomaji wake wanapungua kila mwaka. Walio Oman, Hayati ya nyaraka na mahifadhi ya taifa hupokea na kusajili nyaraka za watu binafsi. Walio na karatasi Unguja, Nyaraka za Taifa za Zanzibar zipo. Usiuze kwa mtalii, wala usichome kwa sababu ndani mna jina la mtu aliyeuzwa. Karatasi hiyo huenda ndiyo pekee inayotaja kwamba mtu huyo aliishi.

Na mtoto anayependa historia msimwambie haina kazi. Kijana mwenye Kiarabu na Kiswahili akiongeza Kichina au Kikorea, vyuo vya Seoul na Guangzhou vina nafasi kwa wageni, na maswali kama lile la Cengtan yapo wazi yanamngoja. Wazee wake walifika Huangpu bila ramani wala mkalimani. Yeye atakwenda na vitabu vyao mkononi.